Bluzi Isiyo na Doa

Fundi Yuma wa Ruashi hakuwa mtu wa kusema watu vibaya, ila nguo alizisema. Ukipita mbele ya kibanda chake na kola iliyokunjamana, angekuitikia salamu vizuri na kukuuliza habari za nyumbani, halafu ukishapiga hatua tatu angeiambia cherehani yake, "Ile kola inalia." Suruali yake mwenyewe ilikuwa na kiraka gotini tangu mwaka juzi. Kinyozi hajinyoi.

Kazi iliyomlisha ilikuwa bluzi. Ndivyo wanavyoliita kwao Lubumbashi lile koti jeupe la waganga, na hasa la vijana wanaosomea kazi ya msaidizi wa daktari: mtu anayemfuata daktari kitanda kwa kitanda, na pale ambapo daktari hayupo, yaani pengi, yeye ndiye daktari. Shule mbili za kazi hiyo zilimletea Yuma nguo zao. Moja iliitwa Grand Horizon, ghorofa tatu, vioo vya bluu, bendera mlangoni. Nyingine iliitwa Tulizo, nyumba ya bati nyuma ya hospitali ndogo. Ukiuliza njia wanakuelekeza kwanza kwenye mashine ya kusaga mahindi, na ukifika hapo unauliza tena.

Binti yake Djamila, mwenye miaka ishirini na mitatu, ndiye aliyeshona vifungo na kutengeneza nguo zilizoletwa zimechanika. Na Djamila huyo alitakiwa achague moja ya shule hizo kabla ya Jumamosi saa sita mchana, siku ya mwisho ya kuandikishwa.

Kwa mwingine hilo lingekuwa jambo la kikombe kimoja cha chai. Lakini Djamila alikuwa ameshachagua mara moja, na alikosea. Alisoma mwaka mmoja na nusu katika shule ambayo jina lake tusilitaje, maana hata mwenye nayo siku hizi halitaji. Asubuhi moja wanafunzi walikuta kufuli mlangoni na karatasi ya serikali iliyosema kwamba shule ile haina ruhusa ya kumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Djamila sasa alishtushwa na kila mlango wenye kibao. Hakuyaamini tena macho yake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko ule mwaka na nusu.

Hamu ya kazi yenyewe haikupungua. Aliipata Kasomeno, kwa mama yake mdogo, msimu mmoja wa mvua ambapo barabara ilikatika na mtoto wa jirani akashikwa na degedege la malaria. Daktari alikuwa ng'ambo ya matope. Aliyekuja ni mwanamke mfupi mwenye bluzi na mabuti, msaidizi wa daktari, akafanya kazi yake bila kelele, na asubuhi mtoto akaomba uji. Djamila alitaka kuwa yule mwanamke. Alijua pia kwamba mahali kama pale ukikwama hakuna wa kumuuliza; ulichofundishwa ndicho ulichonacho. Shule ikikudanganya wewe, anayeumia ni mtoto wa jirani.

Jumanne alikuja shangazi yake, Sofia, mwanamke anayeuza vitenge sokoni na kugawa maoni bure. Nyuma yake alikuwa mwanamume aliyetangulizwa na manukato.

"Yuma! Nakuletea papa Floribert wa Grand Horizon, yeye mwenyewe! Huyu mutoto yetu ataangaika mpaka wakati gani?"

"Karibu, papa. Ikala," alisema Yuma, akapangusa kiti kwa kitambaa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwahi kumsikia Floribert. Alieleza juu ya vyumba vyenye hewa baridi. Alieleza juu ya sherehe ya kumaliza masomo, yenye bendi ya tarumbeta na viti vilivyovishwa nguo. "Na tuko na mannequin ya kutoka Dubai," alisema, akimaanisha sanamu ya mgonjwa. "Anapumua sawa muntu. Anafungua na macho!"

"Umesikia, Djamila? Anafungua macho!" alisema shangazi, kana kwamba wagonjwa wengine wote wa mji huwa wamefumba.

Djamila alimtazama baba yake. Ni kwa baba yake alikotaka kusikia neno, kwa sababu Yuma hakudanganywa na maneno. Alidanganywa, kama angedanganywa, na kitambaa tu. Na ndivyo ilivyokuwa. Yuma aliinuka, akatungua bluzi aliyokuwa ameitundika mlangoni kama kibao cha kazi yake. Ilikuwa ya mwanafunzi wa Grand Horizon, imeletwa kupunguzwa kiuno.

"Muone hii. Mwenyewe anaivaa miaka mbili. Doa haiko, hata moja." Kisha akainua kwa vidole viwili bluzi ya Tulizo kutoka kwenye rundo. Mikono yake ilikuwa na madoa ya zambarau, kifua kilimwagikiwa na kitu cha rangi ya chai, na mfuko wa kulia ulining'inia kama sikio la mbuzi. "Na hii? Bantu benye kushindwa kuchunga nguo, batachunga muntu?"

Hoja ilikuwa ya fundi wa miaka thelathini, nani angeibishia? Djamila aliitikia kwa kichwa, Floribert akaandika jina lake katika daftari, na Yuma akampa mkono na neno lake kwamba Jumamosi binti atakuja kutia sahihi. Shangazi alipiga vigelegele viwili, cha tatu akakihifadhi kwa Jumamosi.

Kwa siku nzima Djamila alihisi wepesi. Kumbe kuchaguliwa ni raha kuliko kuchagua.

Jumatano alikaa na rundo la Tulizo, bluzi saba, maana hata nguo za wazembe lazima zitengenezwe. Alishona mfuko wa kwanza, wa pili, na alipofika wa nne mkono wake ukasimama. Akazitandaza zote saba mezani. Zote zilichanika mfuko wa kulia. Zote katika kona ileile, ya nyuma, na nyuzi zote zilivutwa kuelekea chini.

Mtoto wa fundi hujua kwamba mzembe hachani nguo mahali pamoja. Mmoja atanasa mkono kwenye msumari, mwingine atakalia pindo. Watu saba hawawezi kuwa wazembe kwa mtindo mmoja. Alitia mkasi mzito katika mfuko akautazama unavyovuta: uzito uliangukia katikati, kona haikushtuka. Basi haikuwa uzito wa vitu. Kitu fulani kilishika pale, kutoka nje, na kuvuta.

Numbi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Tulizo, alikuja adhuhuri kuchukua nguo za wenzake. Alikuwa na haraka, kama kawaida yao wote.

"Numbi, pardon, nikuulize kintu. Juu ya nini bluzi yenu inapasukaka hapa tu, ku poshi ya kuume?"

Numbi aliutazama mfuko, akacheka mpaka akakaa.

"Pale? Batoto njo banapasuraka! Ukiwa unapeleka mutoto ku pansement, kumufunga kidonda, mukono moja iko na plato ya dawa, ingine iko na fishi, karatasi yake ya ugonjwa. Yeye atashika fasi gani? Unamuambia: shika poshi yangu. Anashika mu kona na nguvu yote. Mama Clotilde, mwalimu yetu, anasemaka mutoto mwenye kushika poshi hakimbiake."

"Na hii rangi ya violet?"

"Dawa ya bidonda. Ku ngozi inatokaka. Mu nguo, ah, muulize baba yako!"

Djamila aliuliza tena, polepole, kuhusu wale wa Grand Horizon. Numbi alifunga rundo lake kwanza.

"Mi siko nasema muntu mubaya. Bo bako na mannequin. Mannequin haivutake poshi."

Alipoondoka, Djamila alibaki amesimama. Furaha ilikuwa ndani yake na hofu pia, kwa sababu hili alikuwa ameliona kwa macho yake mwenyewe, yale yale yaliyomwangusha mara ya kwanza. Akamwendea baba yake kwenye cherehani.

"Baba, pardon. Weye unajua kusoma nguo kupita bantu yote. Lakini hii uliisoma kinyume."

Cherehani ilinyamaza. Akamweleza, kona kwa kona. Yuma alisikiliza akiwa na pini mdomoni, jambo lililomsaidia kutosema lililomjia kwanza. Miaka thelathini, na leo mtoto anamfundisha baba sindano!

"Nilisha kutoa neno kwa ule papa," alisema mwishowe.

"Najua, Baba. Tuende tuone kwanza, fasi zote mbili. Mara ya kwanza sikuendaka kuona. Niliangalia kibao tu."

Yuma alitoa pini mdomoni. "Shangazi yako atapiga makelele."

"Atapiga tu, Baba."

Ijumaa walienda. Yuma alivaa koti lake la kijivu la kwenda msikitini, alilolishona mwenyewe, ambalo hata inzi alifikiri mara mbili kabla ya kutua juu yake.

Grand Horizon kulikuwa na baridi nzuri kweli, tusiwaonee. Karatasi ya ruhusa ilikuwepo, ndani ya fremu ya dhahabu, na Djamila aliisoma yote, mpaka mhuri, huku Floribert akikohoa. Sanamu ya Dubai ilikuwepo pia, imelala kitandani ndani ya plastiki yake.

"Banafunzi banafunguaka hii plastiki?" aliuliza Djamila.

"Ah, mademoiselle, ni kintu ya bei! Banamuangaliaka."

"Na ku bagonjwa, banaendaka hospitali gani?"

"Tuko mu négociations, tunaongea na hospitali kubwa tatu."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mwanzo," alisema Floribert kwa fahari.

Yuma hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama kwenye korido, mbele ya safu ndefu ya bluzi zilizotundikwa kwenye misumari, nyeupe zote, kazi ya mikono yake. Djamila alidhani anajisifu moyoni. Kisha akamwona anaingiza kidole katika mfuko mmoja, na kidole kinakwama. Akajaribu wa pili, na wa tatu.

Kila fundi mzuri akimaliza koti huufunga mfuko kwa uzi mwepesi wa muda, usije ukatanuka wakati wa kupigwa pasi. Mwenye nguo huukata siku ya kwanza anapotaka kutia kalamu. Yuma aliujua uzi wake, mweupe wenye fundo dogo mwishoni. Ulikuwa bado pale. Miaka miwili nguo hizi zilikuwa zinakuja kwake, naye aliangalia kiuno tu kwa sababu ameletewa kiuno. Hakuna aliyewahi kutia mkono mfukoni.

"Tuende," alimwambia binti yake, kwa sauti ya mtu aliyejikuta amevaa shati ndani nje.

Tulizo walifika baada ya sala. Hapakuwa na hewa baridi. Palikuwa na madirisha. Mama Clotilde, mwanamke wa asili ya Kasai, mwenye miwani mikubwa na sauti ya kuamrisha mvua, hakuwatembeza popote. Karatasi ya ruhusa ilibandikwa ukutani kando ya kalenda ya chanjo, na Djamila alipoisogelea kuisoma, mama huyo alimngoja amalize.

"Mbele ya kuja huku ulisoma fasi gani, binti?"

Djamila alitaka ardhi ipasuke. Lakini alisema ukweli: ile shule, kufuli, karatasi ya serikali, mwaka na nusu.

"Njo vizuri," alisema Mama Clotilde. "Muntu mwenye balisha kumudanganya mara moja, ule njo ananisaidiaka. Ku dawa pia utasoma karatasi mpaka mwisho. Wale benye kumaliza hapa, moja iko Kambove, mbili bako ku njia ya Kasenga. Nitakupatia numero yabo. Uwaulize, usiniamini mi."

Hapo hapo mlango wa wodi ulifunguka, na Numbi akatokea na sinia ya dawa mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Nyuma yake alikuwa msichana wa miaka mitano hivi, kichwa kimefungwa bendeji, mikono imejaa zambarau, akitazama mlango wa barabarani kama mtu anayepima mbio zake. Numbi alikuwa anamwita. Msichana hakutaka mfuko wa Numbi. Aliwatazama watu wote waliokuwepo, mmoja mmoja, akamchagua Yuma.

Alikuja akashika mfuko wa kulia wa koti la kijivu. Katika kona. Kwa nguvu yote.

Djamila aliziba mdomo. Aliyajua maisha ya koti lile. Aliwahi kuona mgeni akifukuzwa nyumbani kwa sababu ya kikombe cha kahawa kilichokaribia tu. Yuma alitazama chini, akaona vidole vitano vya zambarau juu ya kitambaa chake. Kisha akainua mguu, polepole, akatembea kuelekea chumba cha vidonda kwa hatua fupifupi ili mtoto asiachwe. Njiani uzi mmoja ulikatika, ta!, wote wakausikia. Yuma hakugeuka.

Alisimama mle ndani mpaka bendeji mpya ikafungwa. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na mfuko ulikuwa sikio la mbuzi.

"Baba," alisema Djamila, "mi nimechagua. Ni hapa."

"Nani alikuuliza?" alijibu Yuma. "Tia sahihi, mwanangu, kabla bafunge."

Jumamosi asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Floribert kurudisha neno lake, maana neno halirudishwi kwa simu. "Kiuno nitaendelea kupunguza, papa, kiuno ni kazi yangu. Mutoto, hapana. Unisamehe." Floribert alisamehe kwa shida. Shangazi Sofia hakusamehe hata kidogo mpaka alipoliona lile koti la kijivu juu ya kamba ya kuanikia.

"Yuma! Nani anakuchafulia koti ya musikiti?"

"Mugonjwa wangu," alisema Yuma.

Bluzi ya Djamila aliishona kwa siku nne. Mfuko wa kulia aliupigia mishono mitatu, akautia kitambaa kigumu kwa ndani, akaapa kwamba mtoto wa kuuchana hajazaliwa katika Katanga yote. Djamila alihamia chumba kidogo karibu na shule, na kila alipokuja nyumbani Yuma aliutazama mfuko kabla ya kumtazama usoni. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili pia, na wa tatu.

Hapo Djamila alianza kukosa usingizi. Wenzake wote walikuwa wameshachanika. Yeye alijua majina ya dawa, aliandika fishi safi, lakini mikono yake ilitetemeka mbele ya watoto, na watoto wanajua. Walimpita wakaenda kushika mfuko wa mwingine. Labda shule ilikuwa nzuri, aliwaza, na aliyechaguliwa kwa makosa ni yeye. Hakumwambia baba yake. Baba yake naye, kila alipouona mfuko mzima, alisifu mishono yake kwa sauti kubwa kidogo kupita kawaida, na hakumwambia binti yake alichokuwa anawaza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano Djamila aliingia kibandani akiwa amekunja bluzi chini ya kwapa. Aliitandaza mezani, juu ya mkasi na chaki na kila kitu.

Mishono mitatu ilikuwa imara. Mfuko ulikuwa mzima, kona zote nne. Ila ulikuwa umeng'oka wote na kipande cha bluzi, ukaacha tundu ambalo Yuma angeweza kupitisha kichwa. Kuzunguka tundu kulikuwa na vidole vya zambarau, vingi, vya ukubwa mbalimbali.

"Ni nani alianza?" aliuliza Yuma.

"Anaitwa Mwape. Iko na miaka ine. Alianguka ku muti, mukono ilivunjika. Alinishika tangu asubuhi mpaka saa ya kumufunga plâtre, Baba. Alikataa kuniachilia! Munganga alisema basi, mufunge weye mwenyewe." Alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. "Na nilifanya. Mukono haikutetemeka."

Yuma alipitisha kiganja juu ya lile tundu, kama anavyofanya kwa kitambaa cha bei. Halafu akaenda mlangoni, akatungua bluzi nyeupe ya Grand Horizon iliyokuwa inangoja kiuno, akaiweka kwenye rundo. Katika msumari ule akatundika ya binti yake, tundu mbele, madoa mbele, barabara nzima ione.

Shangazi Sofia alikuwa anapita na furushi lake la vitenge. Akasimama.

"Yuma, uko natundika nguo ya kupasuka ku mulango? Bantu batasema nini juu ya kazi yako?"

"Acha ibakie pale leo," alisema Yuma. "Kesho nitashona."